Kengele ya Mnanionea

Apa kwanza. Weka kiganja kifuani useme kwamba hili halitatoka nje ya mlango huu, halitafika kisimani, halitafika kwa mawifi zako, na likikuwasha ulimini utalimeza na mate. Umeapa? Vizuri. Aliyelileta hapa naye aliapa, na aliyempa yeye aliapa kwa mama yake mzazi, ndiyo maana limefika salama bila kupungua hata neno. Basi sogea karibu, na usimwambie mtu isipokuwa yule unayemwamini.

Ulikuwa mwaka wa ukame, ule ambao hata umande ulikuwa wa kubahatisha. Wanyama wa pori walikuwa wakifa njaa kila mmoja kivyake, na kila mmoja kwa tabia yake. Simba alikaa juu ya jiwe akitazama mbali kama mtu aliyeshiba, lakini ukimkaribia ulisikia tumbo likinguruma kumshinda mwenyewe. Fisi alikuwa ameshakula mifupa, ngozi, kamba ya ngozi, na mpini wa shoka uliokuwa na harufu ya ngozi. Sungura hakuonekana akila, wala hakuonekana akikonda, na hakuna aliyewahi kupata maelezo ya jambo hilo.

Watu wa nyavu, wale wa pori wanaochimba mizizi, wanaorina asali na kuwinda kwa nyavu za magome, walikuwa wamekwishahama kuelekea mto mkubwa, ng'ambo ya Mbuga ya Majivu. Waliacha vibanda vyao vya matawi, nyavu mbili zilizochanika kidogo, bonge la ulimbo wa kunasia ndege lililofungwa kwenye jani, na mbwa mmoja aliyechomwa na mwiba kwenye unyayo asiweze kuwafuata.

Mbwa huyo aliitwa Mnanionea. Jina lenyewe halikumhusu. Bibi aliyemlea alikuwa na ugomvi na mawifi zake watatu, na kwa watu wale kumgombeza ndugu wa mume hadharani ni aibu kubwa. Basi alimpa mbwa jina, na kila asubuhi akawa anasimama mlangoni na kupaza sauti: "Mnanionea! Mnanionea weee! Njoo!" Mawifi wakasikia, mbwa akaja, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Kwa hiyo hata jina la Mbwa huyo lilikuwa ugomvi wa watu wengine, na yeye akaliitikia kwa kutikisa mkia.

Jambo jingine, mbwa wa watu wale habweki. Badala ya kubweka, huvishwa shingoni kengele ya mti. Wakiwa kambini, kengele huzibwa kwa majani isisumbue waliolala. Siku ya kuwinda majani hutolewa, mbwa huingia vichakani, kengele ikalia ko-ko-ko, nyama wakakurupuka na kukimbilia nyavuni. Mwindaji husikiliza tu: kengele iko wapi, mbwa yuko hapo.

Siku moja Sungura alipita kambini akamkuta Mbwa anaramba unyayo wake.

"Ndugu yangu," Sungura akasema, "wewe umeishi na watu. Mwaka kama huu wao wanakulaje?"

"Wanakula pamoja," Mbwa akajibu.

"Pamoja vipi? Nani anakula kwanza?"

"Hakuna wa kwanza. Wote wanashika wavu, mimi nafukuza, kikinaswa kitu kinakatwa, na kila kipande kina mwenyewe. Sehemu nyingine inakaushwa iwe akiba ya safari. Akiba ikitosha, kambi inahama na kuvuka mbuga. Mbuga ni siku tatu, hakuna majani, hakuna maji, hakuna panzi. Bila akiba usijaribu."

Sungura akamtazama kutoka sikio hadi mkia. Jioni ileile wanyama wote wakaitwa mkutanoni.

Waliofika walikuwa wengi. Nguruwe mwitu na digidigi hawakufika, walituma udhuru. Basi ikaamuliwa kwa kauli moja kwamba wasiohudhuria ndio nyama, na ndiyo sababu mpaka leo kuna wanyama hawakosi kikao hata wakiwa na homa.

Wakahamia kwenye vibanda vya watu, wakashona nyavu, na Mbwa akafanywa mwalimu. Siku hiyo alijiona ana mabega. Hakuna aliyewahi kumuuliza kitu maishani mwake ila "umekula wewe?" Sasa mnyama mwenye manyoya ya shingoni kama mganda wa majani makavu anamwuliza: "Mwalimu, kwa watu hili linafanywaje?" Akajibu kila alichoulizwa, na alijibu kweli tupu. Hilo ndilo lililomponza.

Nyama wa kwanza aliponaswa, wakakaa duara.

"Paja ni la aliyeshika wavu wa kwanza," Mbwa akaeleza. "Maini ni ya aliyetengeneza wavu. Kidari ni cha kina mama. Moyo hupewa mkubwa."

Wote wakamgeukia Simba, ambaye hakuwa ameshika wavu wowote. Simba akaupokea moyo, akaulamba mara moja, akausukuma mbele.

"Inatosha," akasema. "Mimi si mtu wa kutafuna mbele za watu. Wapeni watoto."

"Aaa! Huyo ndiye mkubwa!" wakashangilia, na Kanga, ambaye hajawahi kusikia jambo akalala nalo, akaruka kulitangaza kwenye vibanda vyote hata kwa waliokuwepo.

Fisi hakushangilia. "Na mifupa?"

"Mifupa ni ya mbwa."

Fisi akaanza kulia machozi ya kweli. Akalia mpaka kina mama wakaona haya, mpaka Mbwa akasema basi, achukue mifupa, mimi nitabaki na mapafu.

"Na zaidi ya mapafu," Sungura akauliza kwa upole, "kwa watu mbwa hupata nini?"

Mbwa akafikiri. "Hupata mahali karibu na moto. Hupata mateke. Na kitu kikipotea kambini, hupata lawama."

Masikio ya Sungura yakasimama. "Lawama yote?"

"Yote. Unajua, watu wale wanaishi wachache, wanakula pamoja, wanalala karibu. Wakianza kushukiana, kambi imevunjika, na kambi ikivunjika wote wanakufa. Kwa hiyo chungu kikikutwa kitupu mtu mmoja anasema, 'Mbwa kala,' wengine wanasema, 'Kweli, mbwa kala,' mbwa anapigwa teke, na maisha yanaendelea."

"Hata kama hakula?"

"Hasa kama hakula. Aliyekula kweli huwa hatazamwi usoni siku hiyo, na mwenyewe anajua."

Wanyama wakatazamana. Ilikuwa desturi nzuri kuliko zote walizofundishwa. Sungura akasimama, akakohoa, akasema: "Basi iandikwe vichwani mwetu. Paja la mwenye wavu, moyo wa Mzee, mifupa ya Fisi, mapafu na lawama ni vya Mbwa." Wakapiga makofi. Mbwa naye akapiga mkia chini, kwa kuwa alikuwa mwalimu na somo limeeleweka.

Kumbe hakuwa amewaambia, kwa kuwa hakuulizwa, kwamba watu wale walikuwa wakiona haya. Wanyama walichukua lawama na haya wakaiacha.

Kambi ikawa na amani ya ajabu. Maini yakipotea: Mbwa kala. Asali ikipungua: Mbwa kala, ingawa mbwa hapandi mti. Kanga alipopoteza yai, akaja kambini analia, "Mbwa kala!" na jioni yai likaonekana alipolitaga mwenyewe, akasema, "Basi angelila." Kila asubuhi Mbwa alipata teke lake la kawaida, akajikung'uta, akatolewa majani kwenye kengele, akaenda kufukuza nyama. Jioni alipata mapafu. Akajiambia si haba, hata kwa watu ilikuwa hivi, isipokuwa kwa watu baada ya teke mtu alikukuna sikio.

Kisha akiba ya safari ikaanza kupungua.

Akiba ilikuwa kwenye kibanda chake, mlango wa matawi, vipande vilivyokaushwa vimetundikwa kwenye fito. Siku moja fito mbili zilikutwa tupu. Kesho yake moja. Hakuna aliyetaka kuuliza, maana kila mmoja alikuwa amechovya kidole humo mara moja au mbili na aliogopa kidole chake kitajwe. Lakini vidole vyote vikijumlishwa havikufika fito tatu.

"Mbwa kala," Simba akasema.

"Mbwa kala," wakaitika.

Sungura akatoa shauri: "Tuache kengele yake wazi kambini pia. Akinyanyua mguu tutasikia. Inapolia kengele, hapo ndipo alipo Mbwa. Iwe sheria."

Wote wakapiga makofi, Simba naye, ikawa sheria. Mbwa akawa hawezi kujikuna bila kambi nzima kugeuka. Na siku mbili baadaye fito nyingine ikakutwa tupu.

"Mbona kengele haikulia?" akauliza Fisi. Hakuuliza kwa haki. Aliuliza kwa uchungu, kwa sababu miaka yote kikipotea kitu porini yeye ndiye aliyekuwa akitajwa, na sasa wizi mkubwa kuliko wote umetokea na hakuna hata mmoja aliyemtazama. Alijiona amezeeka.

"Aliishika kwa ulimi," Sungura akajibu haraka.

Wengine wakatikisa vichwa kukubali, lakini wachache wakaanza kutupiana macho. Na Simba, pale juu ya jiwe lake, akaona wanavyotupiana macho, akafunga yake kama aliyesinzia.

Sasa jambo hili Mbwa alilijua tangu siku ya kwanza. Wote walikuwa wamesahau kwamba ana pua. Alipita tu mlangoni pa kibanda, akanusa, akajua: unyayo mpana, jasho la manyoya marefu, harufu ya mnyama ambaye mbele za watu hulamba moyo na kuusukuma, kisha njaa ikimzidia huja kula kwa kificho, maana bora aitwe chochote kuliko kuonekana ana njaa. Alijua, akanyamaza. Angesema, lingekuwa neno la mla mapafu dhidi ya neno la mla moyo, na kazi yake kambini ilikuwa kubeba lawama, si kuigawa.

Mambo yakafika shingoni siku walipokusanyika kuipima akiba kwa ajili ya safari. Nusu imekwenda. Iliyobaki ingewavusha mbuga kwa kufa na kupona, kama kungepungua mdomo mmoja.

Simba akainuka. Manyoya yake aliyachana kwa makucha asubuhi hiyo, yakasimama kama jua linalochomoza. "Mwalimu," akamwita Mbwa, "tufundishe. Kwa watu, mbwa akila akiba ya safari hufanywaje?"

Na Mbwa, jamani, akajibu. Alikuwa amezoea kujibu. "Hufungwa kwenye nguzo ya kibanda, kambi ikahama, yeye akabaki."

Alipofunga mdomo ndipo aliposikia alichosema.

"Mmesikia," Simba akasema kwa huzuni. "Si mimi niliyesema."

"Afungwe sasa hivi!" akapiga kelele Kanga.

"Hapana," Sungura akasema, "kesho bado tuna siku moja ya kuwinda, na kuwinda bila Mbwa hakuna. Atawinda kesho, keshokutwa alfajiri tunamfunga na kuondoka. Mnanionea, unaona ni haki?"

"Ndio utaratibu wenyewe," Mbwa akasema kwa sauti ndogo.

Kesho yake akawinda kama kawaida, maana mguu ukizoea kazi haungoji akili. Lakini akirudi na nyavu, kengele ikilia ko-ko-ko, alikuwa akifikiri. Aliiona nguzo atakayofungiwa. Aliona vibanda vitupu kwa mara ya pili. Mara ya kwanza alibaki kwa sababu ya mwiba, na hilo alilisamehe. Mara hii angebaki kwa sababu ya tumbo la mtu mwingine.

Akachukua bonge la ulimbo, akaliweka juu ya jiwe la moto wa jua mpaka likalainika. Akakanyaga majivu asinase mwenyewe. Kisha akainamisha kichwa na kengele ikateleza masikioni ikatoka, kwa kuwa alikuwa amekonda na kamba iliyombana enzi za watu sasa ilimpwaya. Akalilegeza fundo kwa meno mpaka kamba ikatosha shingo yoyote, akaiburuta ndani ya ulimbo, akaigeuza, akaiburuta tena. Halafu akamtafuta Kanga.

Alimkuta anaparua vumbi.

"Dada Kanga, nina neno moyoni, lakini sithubutu."

Kanga akaacha kuparua. "Wewe sema, kaka. Mimi kaburi."

"Apa."

"Naapa kwa mayai yangu yote, yaliyotagwa na yasiyotagwa."

"Kengele inanichubua shingo. Basi adhuhuri, watu wakilala, naivua na kuitundika kwenye kisiki nyuma ya kibanda cha akiba, naenda kulala mbali, nalala kama mfu. Sasa leo ni siku yangu ya mwisho, nataka nilale vizuri. Ila naogopa, dada. Mtu mwovu akijua, ataichukua, ataingia nayo kibandani, atakula mpaka achoke, na wote watakaosikia kengele watasema Mbwa huyo anamalizia. Usimwambie mtu. Tafadhali."

"Mimi? Nimwambie nani?" Kanga akasema, na tayari alikuwa anatazama huku na huku kuchagua njia.

Alianza na Fisi. "Apa kwanza," akamwambia, kisha akamwaga yote. "Nakwambia wewe tu, ili umlinde maskini."

"Maskini," Fisi akasema akimeza mate. "Nitamlinda kwa karibu."

Akamwendea Sungura. "Apa kwanza." Sungura akaapa kwa miguu yote minne. Akaenda kwa nyani, kwa nungunungu, kwa kina mama waliokuwa wanakaanga mbegu, na kila mmoja akaapa, na kila mmoja akajua kwamba ameambiwa yeye tu. Mwisho akatua karibu na jiwe la Simba.

"Mzee, kuna siri."

"Sisikilizi umbea," Simba akasema.

Kanga akasema yote kwa pumzi moja. Simba alikuwa ameangalia mbali kama kawaida yake, ila sikio moja lilikuwa limemgeukia kabisa.

"Jambo la kipuuzi," Simba akasema Kanga alipomaliza. Kisha, baada ya kitambo: "Hebu rudia pale kwenye kisiki. Upande gani wa kibanda?"

Jua likafika utosini. Kambi ikalala, au niseme kambi ikafumba macho. Mbwa akaitundika kengele kwenye kisiki, akajilaza nyuma ya rundo la nyavu, akajifunika upande mmoja wa wavu, akabakiza jicho.

Sungura alikuja kwa kunyata, amebeba kikapu kidogo mgongoni. Akazunguka kichaka kilicho karibu na kibanda, akamkanyaga mtu. Mtu huyo alikuwa Fisi, naye ana gunia.

"Unafanya nini hapa?" Sungura akanong'ona.

"Natafuta kivuli. Na wewe?"

"Nimekuja kukusaidia kutafuta."

"Na hicho kikapu?"

"Cha kuwekea kivuli tukikipata. Na hilo gunia?"

"Mimi ninahitaji kivuli kikubwa."

Kichaka kikakohoa. Wakafunua majani wakamkuta nungunungu amejikunja, na nyuma yake nyani na wanawe, kila mmoja na jani pana la kufungia. Kina mama nao wakaibuka upande wa pili na vibuyu, wakasema wanakwenda kuchota maji, ingawa kisima kilikauka mwezi wa nne. Kanga alikuwa juu ya tawi, anawatazama wote kwa mshangao mkubwa.

"Mimi sijasema kitu," akasema kabla hajaulizwa.

Walikuwa bado wanaoneana haya pale, kila mmoja akificha chombo chake nyuma ya mgongo, mara ndani ya kibanda cha akiba kengele ikalia. Ko-ko. Ko-ko-ko.

Wakatazamana. Wote wapo.

Uso wa Sungura ukang'aa kwa furaha. Kikapu akakitupa kichakani, akapaza sauti ya mtu aliyekuwa analinda mali ya umma tangu asubuhi: "Ni Mbwa! Mmesikia wenyewe! Inapolia kengele ndipo alipo! Mbwa!"

"Naam?" akaitika Mbwa.

Akatoka nyuma ya nyavu, akajinyoosha miguu ya mbele kisha ya nyuma, akaja akaketi katikati yao. Shingo yake ilikuwa tupu, na alama ya kamba ilionekana pale manyoya yalipoishia.

"Umeniita," akamwambia Sungura.

Ndani ya kibanda, ko-ko-ko. Kisha ko-ko-ko-ko-ko, kwa haraka, kama kengele inayovutwa na mtu aliyekasirika, na fito ikaanguka, na kitu kizito kikagonga ukuta wa matawi mpaka kibanda kikatikisika.

Hakuna aliyetaka kufungua. Mwisho Fisi, ambaye harufu ya nyama ilikuwa imemzidi nguvu, akavuta mlango wa matawi ukaanguka mzima.

Simba alikuwa amesimama katikati ya akiba yao. Paja lililokaushwa lilikuwa mdomoni, mafuta yamemtiririka kwenye sharubu, fito tatu ziko chini. Kengele ya mbwa ilikuwa shingoni mwake. Aliivaa kwa dakika moja tu, ili mdomo ubaki wazi kwa kazi, na alipotaka kuivua kamba ilikuwa imenasa kwenye yale manyoya aliyoyachana kwa makucha. Aliivuta huku ikanasa huku. Aliisukuma juu ikamfunga masikio. Nusu ya manyoya yake sasa ilikuwa imelala kwa ulimbo kama jogoo aliyenyeshewa, na majani ya ukuta yamemganda shavuni.

Hata Kanga alikosa la kutangaza, na hilo halijatokea tena.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Fisi. "Miaka yote hii!" akalia. "Miaka yote naitwa mlafi mimi, hata babu yangu akatukanwa kaburini, kumbe!"

Simba akalitema paja. "Nilikuwa nakagua," akasema.

"Kwa meno, Mzee?" akauliza mama mmoja mwenye kibuyu.

"Kuna mtu ameingia humu. Nimefuata... Yule... Mbwa yuko wapi?"

"Niko hapa, Mzee," Mbwa akasema. "Nimekuwa hapa na hawa wote. Nadhani walikuja kunilinda."

Wote wakatazama chini, na vibuyu na majani vikasogezwa nyuma zaidi. Kisha wakamgeukia Sungura, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akisema sheria. Na Sungura akaona kikapu chake kinaonekana kichakani, akaona Simba aliyefungwa na ulimbo, akaona Mbwa aliyeketi katikati ya mashahidi, na kwa muda wa kupepesa jicho moja akahama upande mmoja kwenda wa pili bila kuacha nyayo.

"Mwalimu," akamwambia Mbwa kwa heshima nyingi, "tukumbushe. Tulikubaliana nini kuhusu kengele?"

Mbwa akajibu. Alikuwa amezoea kujibu.

"Mlikubaliana kwamba inapolia kengele, hapo ndipo alipo Mbwa."

"Na kuhusu mbwa anayekula akiba ya safari?"

"Nguzo ni ile pale," Mbwa akasema. "Kamba anayo tayari."

Sungura akamwinamia Simba. "Basi, Mzee wetu, kwa mujibu wa sheria uliyoipigia makofi mwenyewe, je, leo wewe ndiye Mbwa?"

Simba akawatazama wote, mmoja mmoja, kwa macho yale ya kutazama mbali. Akakusanya ukubwa wake wote uliosalia. Akatikisa kichwa kukataa.

Kengele ikalia.